Huna Hata Bob, Utamsaidia Aje Mtu wa Darfur? Uzi wa Historia

1.
Wiki iliyopita niliandika hapa kuhusu vita vya Sudan na jinsi vilivyoingia kwenye siasa zetu. Chini ya uzi ule msichana wa kidato cha tatu akauliza: "Mimi sina pesa. Hata bando naomba kwa kaka yangu. Naweza kusaidia aje watu wanaouawa huko?"

Majibu aliyopata yalinikera. Mmoja alimwambia amalize shule kwanza. Mwingine akamwambia huko Darfur hakuna anayejua kama yeye yuko duniani. Wengine walicheka tu.

2.
Swali lake si la kuchekwa. Nasoma sayansi ya siasa, na hili ni mojawapo ya maswali ambayo historia imeyajibu vizuri kuliko wanasiasa. Kwa hivyo leo sina upande, sina jina la mtu wala la chama. Ni historia tu.

Jibu langu kwa ufupi ni hili. Mauaji ya kimbari hayafanywi na majenerali peke yao. Yanahitaji watu wa kawaida wafanye mambo matatu: waamini uongo kuhusu jirani, wamtaje jirani akitafutwa, na wanyamaze yakiisha. Yote matatu huwahitaji sana vijana. Na yote matatu kijana anaweza kuyakataa bila kutoa senti.

3.
Kwanza, neno lenyewe. Kwenye mijadala yetu kila kitu siku hizi ni "genosaidi": watu wakifurushwa sokoni, genosaidi, barabara isipojengwa, genosaidi. Hapana.

Neno hilo lilibuniwa na mwanasheria Myahudi kutoka Poland, Raphael Lemkin, kwenye kitabu alichokitoa 1944. Wanazi walikuwa wameua jamaa zake wengi. Hakuwa na cheo wala mali. Alizunguka kwenye korido za Umoja wa Mataifa akiwasumbua wajumbe na kuwaandikia barua, hadi Mkataba dhidi ya Mauaji ya Kimbari ukapitishwa tarehe 9 Desemba 1948. Alifariki New York mwaka 1959 akiwa maskini. Kwa hivyo hata neno tunalolitumia tuliletewa na mtu asiye na kitu mfukoni.

4.
Mkataba unasema ni vitendo kama kuua, kudhuru vibaya, au kuwawekea watu hali ya maisha ya kuwamaliza, vikifanywa kwa nia ya kuliangamiza, lote au sehemu yake, kundi la kitaifa, la kikabila, la rangi au la kidini. Hilo neno "nia" ndilo linalofanya kesi ziwe ngumu mahakamani.

Kwa hivyo ukiwa mtaani usibishane sana kuhusu jina. Sema kilichotokea: nani aliuawa, wapi, lini, na kwa nini walichaguliwa wao. Jina majaji watalipa.

5.
Sasa twende Darfur, magharibi mwa Sudan. Mapema 2003 makundi ya waasi yalichukua silaha yakilalamika kwamba eneo lao limeachwa nyuma. Serikali ya Khartoum ilijibu kwa ndege za kivita na kwa kuwapa silaha wanamgambo waliokuja kujulikana kama Janjaweed. Vijiji vya Wafur, Wamasalit na Wazaghawa vilichomwa kimoja baada ya kingine.

Kufikia 2008 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu kama 300,000 walikuwa wamekufa kwa vita, njaa na magonjwa. Zaidi ya milioni 2 walikuwa wamehama makwao.

6.
Mwaka 2005 watafiti wa Human Rights Watch walikuwa kwenye kambi za wakimbizi wa Darfur kule Chad. Wakati wanawahoji wazazi, waliwapa watoto karatasi na kalamu za rangi ili wajishughulishe. Hakuna aliyewaambia wachore nini.

Watoto wakachora ndege zikidondosha mabomu. Wakachora watu wenye bunduki juu ya farasi na ngamia. Wakachora nyumba zao zikiwaka.

7.
Wakati huo Khartoum ilikuwa ikisema haya ni mapigano ya makabila, wafugaji na wakulima wanagombania maji na malisho. Sasa jiulize: ni kabila gani lina ndege ya kivita? Mtoto ambaye hajawahi kusoma gazeti hachori ndege juu ya kijiji chake kama hakuiona.

Mwaka 2007 shirika la Uingereza liitwalo Waging Peace lilikusanya michoro kama 500 ya watoto wa Darfur kwenye kambi hizo. Michoro ilipelekwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, kule The Hague, ikapokelewa kama ushahidi wa kuonyesha mazingira ya uhalifu.

8.
Hebu soma tena hapo. Watoto wa kambini, wasio na viatu, walipeleka ushahidi The Hague kwa kalamu za rangi.

Tarehe 6 Oktoba 2025 ICC ilimtia hatiani kamanda mmoja wa Janjaweed kwa makosa 27 ya uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu, yaliyotendwa Darfur 2003 na 2004. Miaka zaidi ya 20! Ni kuchelewa kwa kutisha, na ni mtu mmoja tu. Lakini hata huyo mmoja hangepatikana na hatia kama walioona wangekubali kusahau.

9.
Wewe wa kidato cha tatu hukuwa Darfur, sawa. Lakini Kenya ina wakimbizi kutoka Sudan, Kakuma na hata Nairobi. Pengine mmoja yuko darasani kwenu, au anauza kitu karibu na stendi yenu.

Si lazima umuulize habari za vita. Tafadhali usimlazimishe mtu kufungua kidonda ili wewe upate cha kuandika. Msaidie Kiswahili. Kaa naye wakati wa chakula. Akitaka kusimulia siku moja, msikilize. Na akikuruhusu kuandika, andika tarehe, mahali na maneno yake yalivyo, bila kuongeza chumvi. Jina lake lisionekane mtandaoni. Daftari la shilingi ishirini linatosha.

10.
La pili ni uongo. Hapa tunahamia Rwanda, kwa sababu hakuna mahali tunapoona kazi ya uongo waziwazi kama huko.

Redio RTLM ilianza kutangaza Julai 1993. Haikuanza kwa kusema "ueni". Ilianza na muziki ambao vijana waliupenda, vichekesho, na watangazaji wanaoongea kama watu wa mtaani. Katikati ya burudani wakapenyeza neno: Watutsi ni "inyenzi", mende. Kuanzia Aprili 1994, katika siku kama 100, watu wanaokadiriwa kufika 800,000 waliuawa, na redio hiyo ikawa inatangaza watu wanaotafutwa na mahali walipojificha.

11.
Na nani aliyeshika mapanga? Wengi wa Interahamwe walikuwa vijana. Vijana maskini, wasio na kazi, walioahidiwa pombe, ng'ombe na shamba la jirani. Hilo huwa hatulisemi. Kijana asiye na pesa ndiye wa kwanza kutafutwa na wauaji, kwa sababu bei yake ni ndogo. Ukikataa kununuliwa, tayari umepunguza jeshi lao kwa mtu mmoja.

Desemba 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu Rwanda, iliyokuwa Arusha hapa jirani, iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti moja. Baadaye rufaa ilipunguza vifungo vyao, lakini somo lilibaki: maneno nayo yana kesi ya kujibu.

12.
Sisi Wakenya tusijifanye hatujui haya. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 hazikuwa Rwanda, na sitaki kuzilinganisha. Lakini tume iliyochunguza ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na ikataja matangazo ya chuki kwenye redio za lugha za mama na jumbe fupi za simu. Ndipo Tume ya Uwiano na Utangamano ikaundwa kwa sheria ya 2008.

Kuelekea uchaguzi wa 2022 tume hiyo ilitoa orodha ya maneno ya chuki. "Madoadoa" lilikuwemo. Fikiria neno lenyewe: doa hufanywa nini? Hufutwa. Mende hufanywa nini? Hukanyagwa. Kazi ya neno kama hilo ni kukuondolea aibu kabla hujatenda.

Ukikataa kulisambaza kwenye grupu la familia, hata kama aliyelituma ni mjomba, hiyo si kazi ndogo. Mwandikie kwa heshima: "Mjomba, hilo neno sitalipeleka mbele."

13.
Sasa nikiri langu, kwa sababu uongo hausambazwi na wabaya peke yao.

Tarehe 26 Oktoba 2025 mji wa El Fasher, Darfur, uliangukia mikononi mwa RSF, kikosi kilichotokana na Janjaweed wale wale, baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya siku 500. Siku chache baadaye nilisambaza video ya watu wakikimbia na watoto mgongoni. Niliandika kwa hasira: "Hii ni El Fasher leo." Ilifika mbali kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Nilifurahia hata zile namba, nakubali.

14.
Usiku bwana mmoja Msudani anayeishi hapa Nairobi akaniandikia faraghani, kwa upole kabisa: "Ndugu yangu, hiyo si Sudan. Hao hawaongei kama sisi." Nikafuatilia. Kumbe ilikuwa video ya zamani, ya nchi nyingine.

Nikaifuta na kuomba radhi. Lakini kuna watu walikuwa wameshapiga picha ya skrini. Mpaka leo El Fasher ikitajwa wanaibandika: "Mnaona? Hizi habari wanatunga." Yule bwana ana dada yake mji ule, na hajasikia sauti yake tangu uanguke. Mimi niliyetaka kusaidia niliwapa kisingizio watu wanaosema hakuna kilichompata.

15.
Na kitu kinachoniuma ni kwamba ukweli ulikuwepo, haukuhitaji video yangu. Picha za setilaiti zilikuwepo. Wapiganaji wenyewe walijirekodi wakiua.

Kwa hivyo kabla ya kusambaza, jiulize: Ilianzia kwa nani? Ni ya lini? Mabango, lugha na mavazi yanalingana na mahali panapotajwa? Kuna chombo kingine kinachoaminika kilichoithibitisha? Ukikosa majibu, iache. Na sura za waliouawa au waliodhalilishwa usizirushe. Wana mama zao, nao wana simu.

16.
La tatu ni kumtaja jirani. Tarehe 18 Machi 1997, karibu miaka mitatu baada ya mauaji ya kimbari, wanamgambo walivamia shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa Rwanda. Ilikuwa usiku, wanafunzi wako kwenye masomo ya jioni. Waliamriwa wajitenge: Wahutu upande huu, Watutsi upande ule.

Walikataa. Walijibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda. Waliwarushia risasi na magruneti, na baadhi wakafa pale pale. Leo Rwanda inawahesabu wanafunzi wa Nyange miongoni mwa mashujaa wake wa taifa.

17.
Sisemi mtu atafute kufa. Wale hawakutafuta. Ninachotaka ukione ni umri wao: ni wenzako wa sekondari. Hawakuwa na pesa, bunduki wala wakili. Walikuwa na jibu moja, na naamini halikuzaliwa usiku ule. Mtu halali akiita wenzake mende halafu akaamka jasiri.

Jibu lako linaandaliwa leo, siku wanabweni wanapomtania mgeni kwa kabila lake na wewe unaamua kucheka au kutocheka.

18.
Sasa kuna wanaosema: haya yote ni tabia njema, lakini hayazuii vita. Wenye nguvu ndio wanaoamua. Ni kweli nusu.

Mwaka 2004 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walianzisha kikundi cha STAND kwa ajili ya Darfur. Kilienea vyuo vingine na hadi shule za sekondari. Kote nchini wanafunzi wakaanza kuuliza swali moja: pesa za chuo chetu zimewekezwa wapi? Wao hawakuwa na pesa, lakini waliuliza kuhusu pesa za wengine. Harvard ikauza hisa zake za PetroChina mwaka 2005, kwa sababu ya uhusiano wake na mafuta ya Sudan. Chuo Kikuu cha California kikafuata 2006. Majimbo mengi yakaiga, na mwisho wa 2007 ikapatikana sheria ya taifa zima.

19.
Je, hiyo ilimaliza vita? Hapana, na nisipokwambia hivyo nitakuwa nakudanganya. Mahmood Mamdani, msomi aliyefundisha miaka mingi Makerere, aliandika kitabu Saviors and Survivors (2009) akiilaumu harakati hiyo ya Marekani: kwamba iliifanya Darfur iwe hadithi rahisi ya wema na wabaya, ikadai majeshi badala ya siasa, na haikutaka kujua historia ya ardhi na utawala wa kikoloni kule.

Mimi nakubaliana naye sehemu kubwa. Lakini somo ninalolipata si "nyamaza". Ni "soma kwanza, halafu uliza mwenye uwezo wa kubadilisha kitu". Na mwenye uwezo unayeweza kumfikia ni serikali yako mwenyewe.

20.
Hapo ndipo Sudan inapogusa siasa zetu. Januari 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba RSF na washirika wake wametenda mauaji ya kimbari. RSF inakana, na jeshi la Sudan nalo linatuhumiwa uhalifu wa kivita. Mwezi uliofuata RSF na washirika wake walikutana hapa Nairobi kutia saini mkataba wa kuunda serikali yao. Machi, Sudan ikasimamisha bidhaa kutoka Kenya, chai ikiwemo.

Upande mmoja unasema mpatanishi lazima aongee na kila mtu. Upande mwingine unasema ukimpa mmoja ukumbi, huwezi tena kuitwa mpatanishi. Na mkulima wa chai anauliza: mbona gharama nalipa mimi? Maswali yote matatu ni halali.

21.
Wewe hujafikisha miaka 18, hupigi kura. Lakini Kifungu cha 119 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya kuwasilisha ombi Bungeni. Kila mtu, si kila mpiga kura. Ombi linaweza kuandikwa kwa mkono, na linaweza kuwa kwa Kiswahili.

Unaweza kukumbusha kwamba Kenya ina Sheria ya Makosa ya Kimataifa ya 2008, inayofanya mauaji ya kimbari kuwa kosa hapa nchini. Unaweza kukumbusha kwamba mkataba wa nchi za Maziwa Makuu wa 2006, wenye itifaki ya kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari, ulitiwa saini Nairobi hii hii. Kisha uliza swali moja tu: mnafanya nini kuutimiza? Mwombe mwalimu wa historia awasaidie kama darasa. Sahihi arobaini za wanafunzi ni ngumu kuzicheka.

22.
La mwisho. Tangu vita vianze tarehe 15 Aprili 2023, waliolisha watu wengi ndani ya Sudan si mashirika makubwa peke yake. Ni vijana wa mitaa pia, kwenye vikundi vinavyoitwa vyumba vya dharura. Wanapika chungu kimoja kwa mtaa mzima, wanahamisha wagonjwa, wanatafuta maji. Wengi hawana mshahara, na baadhi wameuawa wakiwa kazini. Wameendeleza desturi yao ya zamani, nafir, ambapo mtu akipiga mbiu kijiji kizima kinatoka kusaidia.

Sisi tuna neno letu, harambee. Tumelifanya liwe la kutoa bahasha mbele ya kamera. Asili yake ni kuvuta pamoja, na mikono haihitaji salio.

23.
Kwa hivyo mdogo wangu uliyeuliza, hili ndilo jibu langu. Hutamfikia mtu wa El Fasher kesho. Huenda asijue jina lako kamwe. Lakini unaweza kuwa rafiki wa mmoja aliyetoka huko. Unaweza kuzuia uongo mmoja usipite kwenye simu yako. Unaweza kukataa neno moja chafu bwenini. Unaweza kuandika barua moja Bungeni. Watoto wa Chad walikuwa na kalamu za rangi tu, na michoro yao ikafika mahakamani.

Walioniuliza "Sudan inatuhusu nini", nimejaribu. Maswali wekeni hapo chini. Na ukiona nimekosea tarehe au jambo lolote, niambie hapa hapa hadharani, nitalirekebisha hapa hapa. Hilo nimejifunza kwa gharama ya mtu mwingine.